Swali la Nne

Umeme umekatika. Nasahihisha kwa tochi ya simu
niliyoiegemeza kwenye kikombe cha uji.
Vumbi la Agosti linapenya dirishani,
na huko stesheni ya Tabora behewa linagongwa,
linaunganishwa na jingine, safari ya Kigoma.

Swali la nne: Eleza sababu tano
zilizoleta Vita Kuu ya Kwanza. Alama ishirini.

Arobaini na wawili wameandika kitu kimoja
kwani niliwafundisha mimi, nami nilifundishwa:
mataifa yaligombea masoko,
yakaunda manowari, yakalishana viapo
(ukimgusa huyu umenigusa mimi),
hadi mjini Sarajevo kijana akafyatua bastola
na mrithi wa kiti cha enzi akaanguka, na mkewe.
Sahihi. Sahihi. Sahihi.
Wino mwekundu unakaribia kuisha.

Karatasi ya Kalunde Mihambo
nimeirudisha chini ya rundo mara tatu.

Ameandika: Mwalimu, Sarajevo nimeitafuta
kwenye ramani ya ukutani, pale pamechanika.
Babu wa babu yangu, Kashindye, alikuwa mpagazi.
Bega lake la kushoto lilikuwa na sugu kama kiazi.
Reli ikafika, treni ikambebea mzigo,
akakosa kazi, akalima karanga, akaoa,
bega likaanza kulainika.
Kisha wakaja askari na kamba.
Walisema kuna vita. Akauliza, vya nani?
Wakamhesabu: mia na saba.
Alibeba sanduku la risasi, akabeba mgonjwa,
akabeba chuma ambacho hakuambiwa ni cha nini.
Naomba kuuliza: katika zile sababu tano,
ni ipi iliyokuwa ndani ya sanduku?

Chini yake amebandika sarafu kwa selotepu.
Hela ishirini, 1916, imesawijika,
na herufi T, ya Tabora.
Ameongeza kwa penseli: huu ndio mshahara.

Mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi
ya swali ndani ya jibu.

Naigusa sarafu. Hela.
Neno lao hilo. Walikuja nalo, wakafukuzwa, likabaki,
kama shule ilivyobaki.
Niko shule, nadai hela zangu za likizo,
na kinywa changu hakijasitisha mapigano.

Msinitolee methali ya tembo na nyasi.
Nyasi haihesabiwi alfajiri.
Nyasi haifungwi kamba kiunoni
ikatembezwa hadi kusini, ikafia njiani,
na mzigo wake akatwikwa wa nyuma yake.

Labda tunafundisha kiberiti tu.
Tunamjua kijana kwa jina, tarehe tunaijua,
hata dereva alivyopotea njia tunaisimulia.
Kuni je? Nani alizikata,
nani alizianika miaka thelathini
pale walipokaa mezani na rula,
wakikata nchi kama kitambaa
bila kumpima atakayeivaa,
kisha kila mmoja akarudi kwao
akiwaza kipande cha mwenzake?

Au ni ule wivu tunaoujua hata Ng'ambo, hata Isevya:
jirani kaezeka bati,
basi nami nitauza ng'ombe, nitauza shamba,
nitamuuza na mtoto wa mtu mwingine.
Hilo sijawahi kulifundisha. Halimo kitabuni.

Treni imeondoka.
Nimeandika ishirini, nikakata.
Nikaandika sifuri, mkono ukakataa kuifunga,
ikabaki wazi kama kitanzi kilicholegea.
Nikaandika: Njoo unione ofisini.
Nikakata hiyo pia,
maana hivyo ndivyo, nadhani,
walivyoanza na Kashindye.

Sarafu nimeiacha pale pale.
Selotepu imeanza kuachia.